Kiswahili cha Gaidi na Ukimya wa Wasomi

Kila chombo alichobuni mwanadamu kina nyuso mbili. Kisu hukata mkate na hukata koo. Kalamu huandika wasia na huandika uzushi. Jahazi lililochukua tende ndilo lililochukua watumwa. Intaneti haikuepukana na kanuni hii, wala hapakuwa na sababu ya kutumaini kuwa itaepukana nayo. Mkulima wa Mbozi huulizia humo bei ya kahawa, na mwanafunzi wa Makerere husoma humo kitabu ambacho maktaba yake haina. Na humo humo muuaji hupata mimbari isiyo na bawabu mlangoni. Hili halina ubishi. Lenye ubishi ni mahali ilipo hatari yenyewe, na nani aliye na wajibu wa kuikabili. Majibu yanayotolewa aghalabu kwa maswali haya mawili ni ya makosa, na makosa hayo humpa gaidi nafasi ambayo asingeipata kwa nguvu zake mwenyewe.

Jibu la kwanza ni la kitisho. Watu huonywa juu ya siku ambayo gaidi, ameketi mbele ya kompyuta katika nchi ya mbali, atazima taa za mji mzima na kufungua malango ya bwawa kwa ncha ya kidole. Onyo hili si ndoto tupu. Tarehe 23 Desemba 2015 wateja wapatao 225,000 wa Ukraini walikosa umeme kwa saa kadhaa, kwa sababu wavamizi walikuwa wameingia katika kompyuta za mashirika ya umeme. Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilifunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Kabla ya hayo, mwaka 2010, iligunduliwa programu ya Stuxnet, iliyoharibu mitambo ya kusafishia urani ya Iran pale Natanz. Walakini mwenye kuyatazama matukio haya kwa utulivu ataona jambo ambalo waonyaji hulipita mbio: hakuna hata moja kati ya hayo lililohesabiwa kuwa kazi ya kundi la magaidi. La Ukraini hutajwa kuwa la Urusi. La hospitali, Uingereza na Marekani ziliilaumu Korea ya Kaskazini. La Natanz hutajwa kuwa la Marekani na Israeli. Silaha za namna hii hutaka fedha, muda na mafundi, na wenye hazina ya vitu hivyo ni madola. Aprili 2015 televisheni ya Ufaransa, TV5Monde, ilinyamazishwa na watu waliojiita askari wa Ukhalifa. Uchunguzi uliofuata ulielekeza kidole kwa wavamizi wa Kirusi. Hata jina la gaidi lilikuwa la kuazima.

Afrika ya Mashariki nayo imeonja mapigo hayo. Mwishoni mwa Julai 2023 huduma za eCitizen, ambazo kwazo Wakenya huomba pasi za kusafiria, leseni na hati nyingine za serikali, zilikwama kwa siku kadhaa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijinasibu kuwa ndilo lililofanya, na Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili wa Sudani. Njia iliyotumiwa haikuwa kuvunja mlango. Ilikuwa kupiga hodi za uongo nyingi kwa wakati mmoja, hata mwenye haja ya kweli asisikike. Usumbufu ulikuwa mkubwa na fundisho lake ni la haki: taifa lililoweka huduma zake zote nyuma ya mlango mmoja halina budi kuweka walinzi hodari katika mlango huo. Lakini siku zile hazikuacha matanga. Makaburi ya Afrika ya Mashariki yamechimbwa kwa sababu nyingine.

Yalichimbwa Nairobi baada ya tarehe 21 Septemba 2013, watu 67 walipouawa katika jengo la maduka la Westgate. Yalichimbwa katika wilaya nyingi za Kenya baada ya tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Yalichimbwa tena Januari 2019, watu 21 walipouawa katika hoteli ya DusitD2. Wauaji wa siku hizo walikuja na bunduki. Kompyuta ilikuwa imekwisha fanya kazi yake miezi na miaka kabla ya bunduki, nayo haikuwa kazi ya kuzima taa. Ilikuwa kazi ya neno.

Desemba 2011, miezi miwili baada ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia, Al-Shabaab walifungua ukurasa katika Twitter, wakawa wanabishana na msemaji wa jeshi la Kenya mbele ya macho ya ulimwengu. Katika siku za Westgate walitangaza mauaji yao huku watu wangali wamejificha ndani ya jengo. Ukurasa mmoja ulipofungwa, ulifunguliwa mwingine. Matangazo hayo yalikuwa ya Kiingereza, kwa sababu waliokusudiwa walikuwa waandishi wa habari wa dunia. Lakini walipotaka wafuasi, hawakuwatafuta kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2012 lilitolewa katika intaneti jarida lililoandikwa kwa Kiswahili hasa, kwa ajili ya vijana wa Kenya na jirani zao. Jina lake ni Gaidi Mtaani.

Jina hilo lastahili kutazamwa na kila mtu anayejidai kuijua lugha hii. Gaidi katika Kiswahili ni mnyang'anyi, mtu wa kuvizia njia. Ni neno la aibu, wala hapana mama aliyemwombea mwanawe awe gaidi. Mtaani ni neno la ujirani: ndiko watoto wanakocheza, ndiko chai inakonywewa barazani, ndiko maiti anakozikwa na watu wasio ndugu zake. Aliyeyaunganisha maneno haya mawili hakuwa mjinga wa lugha. Alilitwaa neno la aibu akalivika sifa, akalipeleka kukaa katika neno la upendo. Hiyo ni balagha, tena balagha ya mtu aliyejua nani atamsoma. Wenye kuchora mipango ya usalama walikuwa wakichungua nyaya. Yeye alikuwa akichungua maneno.

Haikuwa kalamu peke yake. Mahubiri ya Aboud Rogo wa Mombasa, ambaye Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo Julai 2012 kwa kuwasaidia Al-Shabaab, yalikuwa ya Kiswahili. Agosti mwaka ule alipigwa risasi akafa, na ghasia zikazuka mjini. Walioona kuwa jambo limekwisha walikosea hesabu. Kanda za mahubiri yake ziliendelea kusikilizwa, na watafiti waliochungua chanzo cha vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilivyoanza Oktoba 2017, walikuta mafundisho yake yamekwisha fika huko. Risasi iliua mwili. Sauti ilivuka Ruvuma.

Husemwa mara nyingi kuwa wanaonaswa na sauti hizo ni maskini wasiojua kusoma, na kwamba shule zikiongezwa ugaidi utakwisha wenyewe. Garissa iliikanusha kauli hii kwa namna ya kutisha. Mmoja wa wauaji waliokufa pale alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera. Na baba yake alikuwa amekwisha peleka habari serikalini kuwa mwanawe ametoweka. Kijana aliyefundishwa kanuni za ushahidi na haki ya mshtakiwa alikwenda kuwaua wanafunzi wenzake alfajiri bila ya shtaka. Herufi hakuzikosa. Alilolikosa ni jibu. Aliambiwa jambo, na katika miaka yote ya masomo yake hapakutokea mtu wa kumwonyesha, kwa lugha iliyomgusa moyo, kuwa jambo lile ni uongo.

Tena uongo huo haujengwi kwa uongo mtupu. Mjenzi wake huchukua tofali moja la kweli. Huchukua shamba lililoporwa pwani, kijana aliyepigwa kwa ajili ya jina lake, hati ya kitambulisho iliyosubiriwa miaka. Aprili 2014 polisi wa Kenya waliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, wakawakusanya katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Kila tendo la namna hiyo ni wino katika kidau cha gaidi. Husimulia dhuluma iliyotendeka, kisha kwa hatua moja fupi, ambayo msikilizaji mwenye hasira haioni, huigeuza kuwa ruhusa ya kumwua mtu asiyehusika. Hoja yote ya gaidi hukaa katika hatua hiyo fupi. Ndipo mahali pa kumvunjia hoja, na ndipo mahali palipoachwa wazi.

Afrika haikuanza leo kuona neno likilitangulia panga. Redio RTLM ilianza kutangaza Rwanda mwaka 1993, na mwaka 1994 ilichochea mauaji ya kimbari. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili na mhariri wa gazeti la Kangura. Hakuna mwenye akili aliyesema baada ya hayo kuwa redio iondolewe duniani. Kilichohukumiwa kilikuwa neno na mwenye kulitamka. Basi hukumu hiyo yafaa ikumbukwe kila inapopendekezwa kuwa dawa ya uchochezi ni kukata waya.

Maana hilo ndilo jibu la pili, nalo ni la watawala. Husema dawa ya moto ni moto, kisha huelekeza moto huo kwa raia wao. Desemba 2014 Kenya ilipitisha sheria ya usalama iliyobana hata uhuru wa kuchapisha habari. Februari 2015 Mahakama Kuu ilitangua vifungu vinane vya sheria hiyo. Wiki chache baadaye ilitokea Garissa, na hapana anayeweza kudai kuwa vifungu vile vingeizuia. Baba wa muuaji alikuwa amekwisha sema bila ya kulazimishwa na kifungu chochote. Tanzania ilitunga sheria yake ya makosa ya mtandao mwaka 2015, na mwaka uliofuata watu walishtakiwa kwayo kwa kumtukana rais. Uganda ilikata intaneti Januari 2021, wakati wa uchaguzi. Tanzania ilikatiwa intaneti nchini kote Oktoba 2025, siku ya uchaguzi na siku zilizofuata. Sheria na mitambo huombwa kwa jina la gaidi, na hutumiwa kwa mpiga kura.

Mtawala atajibu kuwa usalama huja kwanza, na kuwa saa za hatari hazina nafasi ya falsafa. Jibu hili lastahili heshima ya kupimwa. Likipimwa laonekana pungufu kwa mambo mawili. Kwanza, intaneti ikikatwa hunyamaza wengi, na gaidi si katika hao. Yeye alizoea kanda na vikao vya usiku kabla ya simu hizi kuzaliwa, naye ana subira. Anayenyamazishwa ni mama anayemtafuta mwanawe, daktari anayeomba dawa, na shekhe au padri ambaye angemjibu gaidi siku ile ile. Pili, serikali inayoziba midomo yote hulithibitisha neno la gaidi kwa kitendo. Yeye alisema kuwa hapana njia ya maneno, ila bunduki; nayo imemjibu kuwa kweli hapana njia ya maneno. Mwenye nyumba hachomi nyumba kwa kuwakasirikia panya.

Jibu la tatu ni la makampuni yenye mitandao, nayo huahidi kuwa mashine zao zitasafisha kila uchafu. Ahadi hii ilipimwa tarehe 15 Machi 2019 huko Christchurch, New Zealand, pale mtu aliyeamini ubora wa watu weupe alipowaua watu 51 katika misikiti miwili. Aliyaonyesha mauaji hayo katika Facebook kwa dakika 17, na kampuni yenyewe ilieleza kuwa katika saa 24 iliondoa nakala milioni 1.5 za picha zile. Tukio hilo lafaa liwafunge vinywa wanaosema kuwa ugaidi ni wa dini moja au rangi moja. Lafaa pia liwazindue wanaotumaini mashine. Kama hayo yalitokea kwa picha, zisizohitaji mkalimani, itakuwaje kwa Kiswahili? Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kupeleka matangazo ya chuki, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili yaone kama yatakataliwa. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza, baadhi yalirudishwa kwanza kwa makosa ya sarufi na matumizi ya matusi. Yaliposahihishwa kidogo, nayo yakakubaliwa. Mashirika yaliyafuta kabla ya mtu yeyote kuyaona. Mlinzi aliyewekwa langoni alikagua kanzu ya mgeni, hakukagua jambia lililokuwa ndani yake.

Watu wa damu na nyama waliopewa kazi ya ulinzi huo walitendewa vibaya zaidi. Vijana wa Nairobi waliokuwa wakizitazama picha za kuchinjwa na kuchomwa watu kutwa nzima, ili wengine wasizione, mwaka 2022 iliandikwa kuwa baadhi yao walilipwa kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Mwaka 2023 zaidi ya 180 kati yao walikwenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kuwa kampuni ya Meta yaweza kushtakiwa nchini humo. Makampuni yanayovuna fedha kutoka kwa wasemaji wa Kiswahili yana deni la kuwaajiri wajuzi wa Kiswahili kwa idadi ya haki na kwa ujira wa haki. Deni hilo lidaiwe na serikali za Afrika ya Mashariki kwa sauti ile ile zinayoitumia kudai kodi.

Lakini hata serikali zikitubu na makampuni yakilipa, shimo moja litabaki, nalo ni la wasomi. Vyuo vikuu kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi na Zanzibar vina wataalamu wa lugha ambao fahari yao ni Kiswahili. Wameandika juu ya ngeli, juu ya methali, juu ya arudhi za utenzi, na kazi hizo ni njema. Lakini balagha iliyowatoa vijana majumbani ikawapeleka msituni ni balagha ya Kiswahili, na waliojitahidi kuichambua wameandika aghalabu kwa Kiingereza, kwa ajili ya wakuu wa usalama wa nchi za mbali. Lugha imetumiwa kuua, na wenye lugha wameacha uchunguzi wa maiti ufanywe na wageni. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Hapana methali inayojulikana zaidi shuleni, wala inayotumiwa kidogo zaidi na walioisoma.

Watajitetea kuwa kulijadili neno la gaidi ni kulitangaza. La hasha. Tabibu huisoma sumu bila ya kuigawa sokoni. Mchambuzi naye aweza kuonyesha mbinu ya uchochezi bila ya kuuchapisha upya. Watajitetea tena kuwa kazi hii ni ya mashekhe na maaskofu. Sehemu yake ni yao, na wako waliokufa kwa kuifanya. Lakini maana ya neno ni milki ya wasomi wa lugha, na maneno yaliyoporwa ni mengi. Shahidi katika mahakama ni mtu anayesema alichokiona, na katika dini ni mwenye kufa kwa ajili ya haki. Gaidi amelitwaa jina hilo akalitia kifuani mwa muuaji. Shahidi wa Garissa ni yule mwanafunzi aliyepatikana hai kabatini siku mbili baada ya mauaji, naye alikuwa na la kusema. Ni zamu ya nani kulirudisha neno kwa mwenyewe?

Jibu la kweli kwa gaidi limekwisha tolewa mara moja, na halikutoka chuoni. Novemba 2014 basi lilisimamishwa karibu na Mandera, abiria wakatenganishwa kwa dini, na wasio Waislamu 28 wakauawa. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak kwa nia ile ile. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafa kwa jeraha lile. Watu wa basi lile hawakuwa na mtambo wala sheria mpya. Walikuwa na maana ya neno jirani, nao waliisimamia mbele ya mtutu. Mwaka 2017 kisa chao kilifanywa filamu, kwa Kiswahili na Kisomali, nayo ikafika katika orodha ya walioshindania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Jina lake ni Watu Wote. Walioitengeneza walikuwa wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani, pamoja na waigizaji wa Kenya. Sifa iwaendee Wajerumani hao. Na swali liwaendee waalimu wa fasihi wa Afrika ya Mashariki, ambao kisa kile kilitokea mlangoni pao, kwa lugha yao.

Gaidi Mtaani na Watu Wote: haya ni majina mawili ya Kiswahili, na kati ya hayo kijana mwenye simu mkononi atachagua. La kwanza lilimfikia bure, usiku, kwa maneno aliyoyaelewa. Ili la pili limfikie kwa wepesi ule ule, idara za Kiswahili ziufundishe uchambuzi wa uchochezi kama zinavyoufundisha uchambuzi wa ushairi. Majarida yao yachapishe majibu kwa lugha ya mtaani. Na wasomi wao wakae na mashekhe, maaskofu, walimu na wazazi, kabla ya chifu mwingine kwenda serikalini kusema kuwa mwanawe ametoweka. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na katika zama hizi ulimwengu una mwalimu anayekaa macho usiku kucha, anayejua Kiswahili fasaha, na anayengojea tu mwanafunzi aliyeachwa bila ya jibu.